Kahawa Niliyoiacha Ipoe Kfar Zanbaq

Alhamisi, 8 Septemba 2022

Nimefika. Mgongo umekufa. Basi dogo lilituacha njia panda, na kutoka pale nikapakiwa kwenye pikapu ya muuza mboga — mimi mbele, mabiringanya nyuma. Kona baada ya kona, na jamaa anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili anakula tini. Nimemwita Mtakatifu Eliya mpaka nadhani kachoka kunisikia.

Kfar Zanbaq. Nyumba chache za mawe zimeng'ang'ania mlima, kanisa, duka, mbuzi. Ndiko mwanangu Nadim alikokuja mwezi wa tano kufunga sola ya friji la maziwa. Kazi ya siku mbili. Akakaa wiki. Akarudi Beirut hali vizuri, halali vizuri, anatabasamu na ukuta.

Niseme ukweli hapa, maana kwingine kote nadanganya. Ilyas wangu yuko Montreal. Huda yuko Sydney. Wajukuu nawabusu kwenye kioo cha simu. Kabaki Nadim, na Nadim ana viza ya Kanada na tiketi ya mwezi wa kumi. Na huku mlimani ana msichana, Lamia, aliyekataa kwenda naye. Mama wengine wangewasha mshumaa msichana wa namna hiyo apotee. Mimi nimepanda kuja kumtazama: ana nguvu ya kumzuia mwanangu au hana? Kama anayo, nitambusu miguu.

Nadim anajua niko Zahle kwa binamu yangu Marcelle.

Nimepanga kwa Warde, anayekodisha chumba kwa wapanda milima. Ni shangazi wa msichana, dada wa baba yake. Hilo nilikwisha kulichunguza, sikuja kama kipofu. Sijamaliza kuvua viatu, maswali: wewe wa nyumba ya nani? Nikataja jina la baba yangu, siyo la mume. Beirut wapi? Karm Zeitun. Mume je? Marehemu. Watoto? Ughaibuni. Hapo sikudanganya, nilimeza mmoja tu. Na huku umekuja na nani? Peke yangu, nikasema, daktari kaniambia nitafute hewa, moyo unanisumbua.

"Peke yako," akasema Warde, polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Ijumaa, 9 Septemba

Nimemwona!

Saluni ilinifundisha: nywele kwanza, uso baadaye. (Saluni yangu, Mungu airehemu. Vioo vyote viliondoka siku bandari ilipolipuka, na mimi sikuwa na nguvu ya kununua vingine.) Nywele za Lamia nyeusi, nzito, kazikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, upande mmoja umepanda juu ya sikio. Vidole viliniwasha. Kaja na ndoo ya maziwa, mikono imeiva jua, kifua mbele kama mtu asiyemwogopa mtu. Akasema, karibu mgeni, hewa yetu imekukubali? Nikasema imenikubali. Akanitazama kidogo zaidi ya adabu, akaenda zake.

Hakutabasamu. Nadim wangu kapenda jiwe, nikawaza. Halafu nikawaza, jiwe ndilo ninalolitaka.

Nikamkalisha Warde. Kumkalisha Warde si kazi. Ndugu yako Tannous ni mtu wa namna gani? Mkali? Anakunywa? Nyumba yake ina vyumba vingapi? Tangu mkewe afariki nani anapika? Nataka kujua kinachomfunga msichana hapa, basi naanza na baba. Warde akanijibu yote na mengine sikuuliza. Tannous hajui hata soksi zake zilipo. Mbuzi anawajua kwa majina, majirani hawajui. Akasema kuna kijana wa sola, wa Beirut, mrefu, ana adabu, Lamia anampenda mpaka anatia aibu, lakini kijana ni wa kuondoka.

"Na Lamia haondoki," nikasema. Moyo ulikuwa unadunda, siyo ule wa daktari.

"Ataondokaje na baba yuko hivyo? Baba angepata mtu wa kumtazama, hapo tungezungumza mengine." Na akanitazama mimi.

Nikanywa chai yangu ya majani. Sikuelewa. Naandika leo kwamba sikuelewa.

Jumamosi, 10 Septemba

Jua kali, tini zimeanikwa kila ukuta. Warde kaniuliza kama napenda mbuzi. Nikasema mbuzi sina ugomvi nao. Akauliza kama nakoroma. Nikasema chumba kina mlango, kwa nini? Akacheka mpaka akashika meza. Watu wa huku upweke umewaharibu.

Jumapili, 11 Septemba

Kanisani. Wanawake wakasogea mbio kunipa nafasi, pembeni ya Bibi Adla, mama yao Tannous na Warde. Bibi Adla ni mkavu kama kuni, macho makali. Katikati ya Injili akanifinya mkono juu ya kiwiko. Si mfinyo wa salamu — mfinyo wa sokoni. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye rozari yake.

Tannous alikuwa upande wa wanaume. Shati limepigwa pasi, shingo nyekundu kwa wembe. Mtu mkubwa, mpole, hajui mikono aiweke wapi. Aliponiona aliangusha kitabu cha nyimbo.

Lamia aliimba. Sauti ya kawaida tu, lakini haitetemeki.

Mchana kapiga Nadim. Zahle kukoje? Zahle kuzuri. Marcelle hajambo? Hajambo, anakusalimu. Mbuzi akalia chini ya dirisha. Nadim akauliza, hicho nini? Nikasema Marcelle kanunua mbuzi! Marcelle, mwenye zulia jeupe. Njia ya mwongo ni fupi, yangu ni fupi kuliko zote.

Halafu akaniambia kanunua koti la baridi. Zito, la huko. Kasema linapigwa na upepo wa barafu halisikii. Nilisema vizuri mwanangu, upate joto. Nikakata simu nikalia juu ya mto wa Warde mpaka foronya ikalowa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ilyas naye alianza na koti.

Jumatatu, 12 Septemba

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu limechelewa kidogo, lakini limefika: kishki.

Ngano yao ilikwisha kuchemshwa, kuvunjwa, kulowekwa kwenye mtindi wa mbuzi mpaka ikachacha. Sasa imetandazwa juu ya mashuka meupe kwenye paa la Tannous, na wanawake tunakaa kuizunguka tunaifikicha kwa viganja. Fikicha, anika, fikicha tena, chekecha, mpaka iwe unga. Mikono inaungua kwa uchachu, pua inawasha. Huko Beirut nanunua dukani kwenye mfuko, naipika kwa vitunguu saumu, namaliza. Sikujua ina vidole vya watu namna hii.

Bibi Adla anasimamia, kakaa kwenye kiti cha plastiki na fimbo. Chembe ikibaki kubwa, fimbo inaionesha. Kila saa anatazama upande wa bahari. Septemba mkia wake umelowa, anasema — mvua ya kwanza ikiikuta kishki nje, nyumba nzima itakula kuvu mpaka Pasaka.

Nilikaa pembeni ya Lamia kwa makusudi. Anafikicha haraka, na sawasawa. Nikamuuliza kama hachoki na maisha haya, mbuzi, mtindi, baridi, umeme wa saa moja.

"Nachoka," akasema.

"Sasa kwa nini huondoki?"

Akafikicha konzi mbili tatu kabla hajajibu. Akasema kila mtu anamuuliza kwa nini haondoki, kama vile kubaki ni ugonjwa unaohitaji sababu. Akasema nusu ya darasa lake wako nje, wanamtumia picha za theluji, na theluji hata hapa ipo.

"Na yule kijana wa sola?" Nikajidai nimesikia kwa Warde.

"Yule ana viza," akasema, na mikono ikasimama. Mara ya kwanza kuiona imesimama. Halafu ikaendelea. Nikataka kumkumbatia palepale, na unga wangu wote. Anampenda. Anampenda na hatamsihi. Na mimi nimepanda mlima wote huu kutafuta kamba ya kumfungia mwanangu, nakuta mtu.

Bibi Adla akaingilia. Mama Ilyas, unajua kutengeneza jibini? Sijui, Bibi. Utajifunza. Mifupa yako mizima? Miaka yako mingapi kweli, siyo ya kanisani? Nikamwambia hamsini na tisa. Akahesabu kitu kwa midomo. "Inafaa," akasema. "Tannous ana sitini na mbili. Mwanamume akizidi kidogo ni heshima."

Wanawake wote wakainama kwenye kishki, mabega yanatikisika. Warde kajiziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

Ee Mama Bikira! Mjane, peke yake, kaja na begi moja, anauliza kama Tannous anakunywa, ana vyumba vingapi, nani anampikia. Wananiona NIMEKUJA KWA TANNOUS! Kijiji kizima. Ndiyo maana ya wembe. Ndiyo maana ya mfinyo.

Nilipaswa kusema hapohapo. Nikasema tu kishki imenipalia, nikashuka kunywa maji. Nimejifungia. Nacheka peke yangu na sioni cha kuchekesha.

Jumanne, 13 Septemba

Niandike taratibu.

Leo mkesha wa sikukuu ya Msalaba. Tangu asubuhi vijana wanapandisha kuni kileleni. Jioni, kabla ya moto kuwashwa, Warde akasema tunakunywa kahawa kwa Tannous, ndiyo desturi, hukatai. Sikukataa. Nimekwisha kuyavulia nguo maji, nikasema, niende niyaoge: nitamvuta Tannous pembeni, nimweleze kwa upole kwamba sikuja kwa ajili yake, nifungashe, niondoke.

Sebule yao ndogo, safi. Picha ya marehemu mke ukutani na kitawi cha mzaituni. Tannous kaketi ukingoni mwa kiti chake mwenyewe kama mgeni. Bibi Adla upande huu, Warde upande ule, mimi katikati kama mshtakiwa.

Lamia akaingia na sinia. Kwa kawaida mtu huulizwa: chungu, ya kati, au tamu? Mimi hapo husema samahani binti, daktari kanikataza, nipe chochote kingine. Siku zote hizi nimenusurika hivyo kwa Warde. Lakini Lamia hakuuliza. Kaja moja kwa moja, kaniwekea kikombe mkononi, harufu ya iliki inapanda puani. Kukirudisha ni kumtukana mwenye nyumba. Kukinywa ni kulala na moyo unapiga ngoma. Basi nikakiweka kwenye stuli mbele yangu, taratibu, nikafunga mikono mapajani.

Wote wakakitazama kikombe.

Bibi Adla akafuta mikono kwenye aproni, akanyoosha mgongo. Warde akafanya ishara ya msalaba. Shingo ya Tannous ikaanza kupanda rangi kutoka kwenye kola.

"Mama Ilyas," akasema, "kahawa yako inapoa."

"Iache ipoe," nikasema.

Mjinga mimi! Kwa adabu tu, nisimsumbue mtu! Na maneno yalipotoka ndipo nikakumbuka. Babu yangu, baba wa mama, alivyokwenda kumwombea mjomba mchumba: wakamwekea kahawa, akaiweka chini, akakaa. Mwenye haja hanywi. Hanywi mpaka mwenye nyumba aseme kunywa, ulichokijia umekipata. Nimezaliwa na desturi hiyo, nimeisahau kwenye mashine za kukaushia nywele, na sasa nimeifanya mbele ya watu waliokuwa wanaingojea tangu Alhamisi.

Tannous akasimama. Akakaa. Akasema mimi, Mama Ilyas, ni mtu wa mbuzi. Akasema marehemu aliniachia nyumba hii, na kila nikitaka kubadilisha hata pazia, namuuliza. Wewe ni mwanamke mwenye heshima zako, umepanda njia yote hii. Jasho linamtoka. Nikamhurumia mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Baba Lamia, sikuja kwa ajili yako."



"Kwani mwanangu ana kasoro gani?" akauliza Bibi Adla. Kakasirika kweli!

Nikasema hana kasoro. Nikasema kasoro ni yangu. Na hapo ikanitoka yote, bila mpangilio: kwamba mimi ni mama yake Nadim, yule wa sola; kwamba nilitaja jina la baba yangu ili msinijue; kwamba wawili wangu wamekwisha kwenda na wa tatu kanunua koti. Nikasema nilikuja kumpima binti yenu kama atatosha kumzuia mwanangu, kama mtu anayepima kufuli. Nikasema naona aibu. Nikasema, lakini kikombe nimekwisha kukiweka chini, na sikiinui. Namwomba Lamia kwa mwanangu Nadim. Na kama wataishi hapa au kule kwenye barafu, sijui, wala leo siombi hilo. Naomba yeye.

Niliyasema kweli? Niliyasema. Mimi niliyetaka wabaki!

Warde kalia tayari. Tannous alivuta pumzi ndefu — nadhani ya nafuu, Mungu amsamehe — akamgeukia bintiye, aliyesimama mlangoni na sinia tupu. Akamuuliza, unasemaje, mwanangu?

Lamia akasema, "Kanisihi niende naye mpaka ulimi ukamkauka. Lakini hajaniuliza hata siku moja kama anaweza kubaki. Mimi simfungi mtu. Aje mwenyewe, aulize anachotaka kuuliza."

Hakuinua sauti. Ila sinia kalikumbatia kifuani.

Tannous akafikiri. Akachukua kisosi, akafunika kikombe changu. Akasema, Mama Ilyas, siwezi kukuambia kunywa na siwezi kukuambia mwaga. Aje kijana. Nikasema ni haki.

Bibi Adla akanuna mpaka tunatoka. Mtu wa Beirut, akamnong'oneza Warde ili nisikie, anakuja kwa mlango wa mbuzi.

Uani Lamia akanishika mkono, kuna ngazi mbovu. Nikamuuliza, binti yangu, mbona hukuniuliza nakunywaje kahawa?

"Kwa sababu hunywi," akasema. "Nadim kaniambia. Daktari kakukataza tangu mwaka jana." Akasema alinijua Ijumaa ileile, naongea kwa nyusi kama mwanangu, na picha yangu iko kwenye simu ya Nadim, nimevaa gauni la harusi ya Huda.

"Sasa ulijua sinywi, na ukaniletea?"

"Ungekaa mpaka Krismasi unatufikichia kishki bila kusema neno, mama." Na hapo ndipo akatabasamu, mara ya kwanza, upande mmoja, ule wa nywele zilizopanda.

Alinitega! Kwa kikombe kimoja! Na mimi ndiye niliyejiona mjanja. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za huyu ni nzito.

Nikampigia Nadim palepale, huku moto wa Msalaba unawashwa kileleni na watoto wanapiga kelele. Mama, huko Zahle kuna nini? Nikamwambia siko Zahle. Nikamwambia niko wapi, na nimefanya nini.

"Nakuja kesho," akasema. Basi. Sauti hiyo siijui. Nimemzaa mimi, na siijui.

Jumatano, 14 Septemba

Sikukuu, lakini wingu limepanda kutoka baharini tangu asubuhi, jeusi kwa chini. Bibi Adla kasema Msalaba utatusamehe, kishki haisamehi. Baada ya misa wote juu ya paa, kuchekecha na kufungasha. Hata mimi. Bibi Adla haongei nami, ila kanisogezea chekecheo, na kwake hiyo ni barua ya upatanisho.

Nadim kafika adhuhuri. Kapauka, hajanyoa. Kanibusu paji la uso, kasema "Mama, wewe," na hakuongeza. Kampa Tannous mkono. Tannous kamuuliza habari za njia, akamuuliza betri ya friji inadumu miaka mingapi, akamuuliza tena habari za njia. Halafu Nadim na Lamia wakasimama pembezoni mwa ukuta wa paa, kwenye mti wa jozi. Wamezungumza muda mrefu. Nilichekecha bila kuona ninachochekecha. Sikusikia neno. Nimeona tu kwamba Nadim ndiye anayeuliza. Lamia alijibu mara moja, fupi, na Nadim akatazama chini bondeni, akajipangusa uso kwa mikono miwili.

Tone la kwanza la mvua lilimwangukia Bibi Adla puani. Akapiga fimbo sakafuni: mapenzi baadaye, shuka kwanza! Na Nadim wangu, mhandisi, mwenye koti la Kanada, akavua viatu, akapiga magoti kwenye kishki na wanawake. Wanaume hawafanyi kazi hiyo, hata Tannous anashika pembe za shuka tu. Anafikicha vibaya, anaacha chembe kama kokoto. Bibi Adla anamchapa vidole kwa fimbo na anafurahi waziwazi.

Kufungasha kwao kuko hivi, na kwetu sote. Kishki ya wanaokaa inatiwa kwenye mitungi ya udongo, inapelekwa stoo kwa ajili ya majira ya baridi. Ya wanaokwenda inatiwa kwenye mifuko ya kitambaa cheupe, inashonwa mdomo, iingie kwenye begi la ndege. Mkewe Ilyas anasema kabati lao la Montreal linanuka zizi. Mifuko hiyo nimeshona mingi. Nimeishona kwa meno yaliyoumana.

Bibi Adla anagawa kwa bakuli, anaita majina. Warde, mtungi. Tannous na Lamia, mtungi. Dada yao wa São Paulo, mfuko. Mpwa wa Melbourne, mfuko. Ilyas, mfuko — kamkumbuka Ilyas wangu, hajamwona maishani! Huda, mfuko. Halafu akajaza bakuli jingine, akalishika juu, akamtazama Nadim. Yuko magotini, unga mpaka viwiko, mvua inaanza kumwagika kwa kweli.

"Na wewe, kijana wa sola? Nikutilie wapi?"

Warde aliacha kufunga. Tannous kashika shuka, hasogei. Lamia alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe.

Nadim akafungua mdomo, na mimi nikasema — kwa sauti kubwa, hakuna aliyeniuliza — "Ngojeni, nikalete sindano!" Nikakimbia chini. Mwanamke mzima! Sikuweza kusimama pale. Nikisikia mfuko, nilisema moyoni, nisikie nikiwa nimekaa.

Basi nimekaa. Jikoni kwa Tannous, chini ya paa lao. Sindano ninayo, uzi mweupe ninao, nimekwisha kuutunga, na badala ya kupanda naandika. Juu naisikia miguu. Wanakokota kitu kizito. Mvua inapiga kioo. Mtu anacheka, nadhani ni Warde, lakini Warde hucheka hata msibani. Nadim simsikii. Nilichoomba jana nilikiomba kwa moyo wangu wote, na bado leo nataka abaki, nataka, nataka, Mungu anisamehe, siwezi kutaka kingine.

Wananiita. "Mama Ilyas!" Ni Bibi Adla mwenyewe, ndilo neno lake la kwanza kwangu leo. Anasema nifanye haraka, unga unalowa. Anasema juu ya kabati, nyuma ya sufuria, kuna kifuniko cha udongo, kile kikubwa, nije nacho.

Hajaulizia sindano.